Kabla ya Geji, Sensa

Injini ya binamu yangu ilitufia karibu na Emali, saa kumi na moja jioni, tukitoka Mombasa kurudi Nairobi. Mimi nilikuwa kiti cha abiria. Tulikuwa tunalipita lori la makontena pale barabara inapopanda, nikauona mshale wa presha ya oili ukishuka, ukapanda kidogo, ukashuka tena. Nikamwambia, "Kaka, hebu tazama presha." Akagonga kioo cha geji kwa ukucha mara mbili, akajibu, "Hiyo ndiyo tabia yake, itarudi." Haikurudi. Kilomita mbili tatu mbele tukaanza kusikia sauti kama ya nyundo ndogo inayogonga sufuria. Injini ilipokuja kufunguliwa, beringi moja ya konrodi ilikuwa imesagika kabisa, na vumbi lake linametameta ndani ya oili iliyobaki kwenye karai.

Binamu yangu si mzembe. Anabadilisha oili kabla ya wakati, haikanyagi injini baridi, na ile Subaru Forester yake ya turbo alikuwa akiiosha kwa mikono yake mwenyewe. Ila geji ile ilikuwa imemdanganya mara nne. Mara ya kwanza mshale ulipodondoka hadi sifuri alizima gari papo hapo, akaita breki dauni, fundi akafunga geji ya kupimia ya mkono, presha ikaonekana nzima. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu hakusimama, alipunguza tu mwendo. Mara ya nne hakushtuka. Mara ya tano geji ilisema kweli.

Ndiyo maana mtu akiniuliza leo anunue geji gani kwa ajili ya gari lake la spoti alilolifanyia marekebisho, simjibu kwa jina la kampuni. Namuuliza kwanza sensa yake, kile kipimio kinachochomekwa kwenye injini na kuilisha geji habari, itakaa wapi, itafungwa na nani, na waya wake wa ardhi, ule wa kurudisha umeme, utashikwa wapi. Geji mbovu naiona hatari kuliko kukosa geji, kwa sababu asiye na geji huwa na hofu, na hofu humfanya aende taratibu. Mwenye geji mbovu hufundishwa kupuuza.

Gari langu mimi ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, umbo la GDB, injini EJ207 ya lita 2, silinda nne zilizolala. Liliingia nchini kutoka Japani likiwa limeshatumika, kama yalivyoingia karibu yote unayoyaona Nairobi. Sisi tuliokua tukisikia habari za dereva Colin McRae kushinda Safari Rally ya 1997 na Impreza ya buluu hatukuwa na njia ya kulikwepa gari hili. Nimelibadilisha bomba la moshi, pampu ya mafuta, injekta, na programu ya kompyuta. Kila kimoja kati ya hivyo kinagusa uwiano wa hewa na mafuta ndani ya silinda. Zaidi ya hayo, injini ile ilisetiwa kiwandani kwa petroli ya Japani, ambako petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na okteni 100, nasi huku hatujazi hiyo. Gari la namna hii likiachwa bila macho ya ziada ni kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba ambayo fanicha zake zimehamishwa.

Nianze na oili, kwa sababu ndiko nilikoona msiba.

Ile taa nyekundu yenye alama ya birika la mafuta kwenye dashibodi, wengi tunaamini ndiyo mlinzi. Kwenye injini hizi za EJ, swichi ya taa hiyo huiwasha presha ikishuka hadi kilopaskali 14.7 hivi. Sasa linganisha na kipimo cha kitabu cha kiwanda: oili ikiwa na joto la nyuzi 80, presha inatakiwa isipungue kilopaskali 98 injini ikizunguka yenyewe mara 600 kwa dakika, na 294 ikifika mizunguko 5,000. Yaani unaweza kuwa unapanda mlima kwa mizunguko 5,000 na presha ya 60, beringi zinakula chuma kwa chuma, na taa imezima kimya. Taa ile inakuja kutangaza kifo kilichokwisha kutokea. Hicho ndicho kinachoifanya geji ya presha ya oili iwe ya kwanza kununuliwa kwenye Subaru ya turbo, kabla ya ile ya busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inaisukumia injini, kabla ya kitu kingine chochote chenye taa nzuri usiku.

Lakini tazama mahali sensa yake inapoingia. Kwenye bloku la injini ya Subaru kuna tundu la swichi ya kiwanda, na uzi wa tundu hilo ni wa kipimo cha Kiingereza, BSPT ya nusu ya robo inchi, uzi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za kununua, hasa za Marekani, zina uzi wa NPT wa kipenyo kilekile kwa jina, ila una nyuzi 27 kwa inchi. Kwa hesabu, tofauti ni uzi mmoja tu. Kwa mkono sensa inaingia raundi mbili tatu bila ubishi, ndipo inakaza. Hapo fundi asiyejua huona imekaza kwa sababu ya uchafu, huchukua spana ndefu. Gereji moja ilinifanyia hivyo kwa gari langu mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikasikia alumini ikilia mlio mwembamba, nami sikusema neno kwa sababu sikujua nasikia nini. Wiki ya pili oili ilikuwa inashuka ubavuni mwa bloku kama jasho. Adapta ya kutoka BSPT kwenda NPT ni kipande cha shaba kisichofika urefu wa kidole gumba. Kinunue kabla hujanunua geji.

Na usiitundike sensa ile moja kwa moja kwenye bloku juu ya kiungo cha T cha shaba. Sensa za presha ni nzito, injini inatetemeka, na shaba huchoka. Siku kiungo kikikatika, oili yote inamwagika kwa presha juu ya bomba la moshi lenye moto. Tumia mpira mfupi uliosukwa kwa waya wa chuma, sensa uifunge kwenye bodi ya gari. Ila kama sensa yako ni ya waya mmoja, ile inayopata ardhi kupitia mwili wake, kumbuka kuipa waya wa ardhi hadi kwenye bloku. Ya binamu yangu ilikuwa ya aina hiyo, imefungwa kwa kibano kilichopakwa rangi. Rangi haipitishi umeme. Gari likitikisika, kibano kilikuwa kinagusa chuma kitupu na kuachia, na mshale unacheza. Huo ndio uongo wote wa mara nne, na kwa kuukwangua tu kwa msasa ungekwisha.

Joto la oili nalo lina thamani, hasa kwa anayekwenda mashindano ya kupanda mlima au kuzunguka uwanjani, kwa sababu presha bila joto ni nusu ya habari: oili ya nyuzi 120 ni nyepesi, presha yake itashuka bila injini kuwa na ugonjwa. Joto la maji mimi silinunulii geji. Mshale wa kiwanda wa maji kwenye magari mengi hutulizwa makusudi ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, lakini kompyuta ya gari yenyewe inajua namba halisi, na kwa kebo au kile kifaa kidogo cha kuchomeka na simu utaisoma.

Sasa tufike kwenye hewa na mafuta, ambako pesa nyingi hupotea.

Petroli safi ikiungua kikamilifu hutaka gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Hapo ndipo lamda 1, maana lamda ni uwiano ulionao ukilinganishwa na huo kamili. Gari la turbo likikanyagwa hadi chini haliendeshwi hapo. Mafuta huongezwa, uwiano ushuke hadi 11 na kitu, kwa sababu mafuta ya ziada hupoza chumba na kuzuia ule mlipuko usio na wakati wake unaovunja ringi na kutoboa pistoni. Ukiwa na busti kamili na uwiano wa 13, hata kwa sekunde chache, kwa petroli yetu, unacheza na injini.

Ile sensa ya kawaida ya oksijeni, ambayo magari mengi ya zamani yalitoka nayo kiwandani, haiwezi kukwambia hayo. Inajua maswali mawili tu: mafuta yamezidi 14.7, au yamepungua? Voltiji yake huruka kutoka karibu sifuri hadi karibu 0.9 kama swichi. Kati ya 11 na 12.5, umbali ambao kwa injini ya turbo ndio maisha na mauti, yenyewe inaona kitu kilekile. Zile geji zenye taa za rangi zinazokimbia huku na huku, zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, husoma sensa hiyo. Zinapendeza usiku, na hazina habari ndani yake.

Unachohitaji ni waidibendi, sensa ya oksijeni inayopima uwiano wenyewe. Ndani yake mna chumba kidogo mno cha kauri ambamo moshi huingia, na pampu ya umeme inayoingiza au kutoa oksijeni ili chumba kile kibaki kwenye lamda 1 muda wote. Moshi ukiwa na mafuta mengi, pampu inalazimika kuingiza oksijeni. Ukiwa na hewa nyingi, inatoa. Kiasi cha mkondo wa umeme kinachotumika kufanya kazi hiyo ndicho kipimo. Kauri hiyo lazima ipashwe na hita yake hadi nyuzi 750 au 780, kutegemea toleo, na hapo ndipo penye udhaifu wake wote. Tone moja la maji likiigusa ikiwa na joto hilo, inapasuka. Ikiachwa ndani ya bomba la moshi bila umeme, masizi huiziba, inakufa. Kwa hiyo usimkubali fundi anayekwambia, "Tufunge sensa leo, geji utaileta mwisho wa mwezi." Tundu lizibwe kwa kizibo hadi siku umeme utakapokuwepo.

Kampuni ni nyingi, lakini ukifungua maboksi utagundua kwamba geji za AEM, Innovate na wengineo kwa sehemu kubwa husoma sensa ya kampuni moja, Bosch, toleo la LSU 4.2 au LSU 4.9. Hili likikuingia akilini, uchaguzi unakuwa mwepesi. Ile 4.2 ni ya zamani zaidi, inategemea hewa ya nje kuwa kipimo chake, na hutaka kusetiwa upya hewani kila baada ya muda: unaitoa kwenye bomba, unaiacha kwenye hewa safi, geji inajifunza upya. Hewa safi maana yake si ndani ya gereji ambamo lori linanguruma. Ile 4.9 hujitengenezea kipimo chake yenyewe, na geji kama AEM X-Series huitumia bila kudai usetiwe huo. Kwa mtu wa huku, ambaye sensa ikifa ataisubiri iagizwe, mimi nasema chukua geji ya 4.9, kisha tafuta sensa yenyewe kwa namba ya Bosch, 0 258 017 025, uiandike kwenye karatasi uende nayo dukani. Sensa bandia ziko Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, na ziko mitandaoni, zina boksi zuri na maandishi sahihi, na bei yake ndiyo inayozisaliti.

Mahali pa kuichomelea ndipo panapoamua kila kitu. Baada ya turbo, kwa sababu kabla yake presha na joto huiharibu sensa na kuipotosha. Kabla ya katalaiza, kile kisafisha moshi, kwa sababu masega yale huula moshi unaotaka kuupima. Mbali na turbo kiasi cha sentimita 60 hadi 90, moto usiikaange. Na sensa itazame chini kutoka juu ya bomba, kama mshale wa saa kati ya saa nne na saa nane za mchana wa Kiswahili, yaani kati ya 10 na 2 kwenye uso wa saa, ili maji ya asubuhi yanayojikusanya ndani ya bomba yasiifikie kauri. Niliwahi kulala chini ya gari la rafiki kutazama kwa nini sensa zake zilikuwa zinakufa kila miezi mitatu. Ilikuwa imefungwa chini kabisa ya bomba, imekaa kama kikombe cha kukingia matone.

Langu lilikuwa na kasoro nyingine, na hii nataka kuieleza polepole kwa sababu nusura initie hasara kubwa. Baada ya kufungwa bomba jipya, waidibendi ilianza kusoma 16 na zaidi gari likiwa limesimama injini ikizunguka yenyewe. Kumi na sita ni mafuta haba sana. Fundi aliyekuwa ananisetia kompyuta akaongeza mafuta. Ikasoma 15.8. Akaongeza tena. Mimi nilikuwa nyuma ya gari, nikahisi macho yananichoma. Harufu ya petroli mbichi ilikuwa kali kiasi kwamba jirani alifunga dirisha. Nikachomoa plagi moja ya kuwashia: nyeusi, ina masizi makavu kama chungu cha kupikia kwa kuni. Geji inasema mafuta haba, plagi inasema mafuta tele. Mmoja wao hasemi kweli, na plagi haina waya wa kukatika.

Tukatia moshi wa mashine ndani ya bomba, na hapo tukaona. Gasketi kati ya turbo na bomba la kushuka ilikuwa imekaa upande. Kwenye mzunguko wa chini, moshi wa injini hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje kupitia ufa. Sensa ikawa inapima hewa ya gereji. Jambo la kuangalia ni kwamba nikikanyaga, namba zilikuwa sawa, maana kwa presha kubwa moshi ndio unaotoka nje, hewa haipati nafasi ya kuingia. Kwa hiyo ukiona waidibendi inalalamika gari likiwa limesimama na kutulia likikimbia, usiguse kompyuta. Lala chini ya gari kwanza.

Kuna uongo mwingine mdogo wa waya. Geji nyingi zina waya wa kupeleka namba kwenye kompyuta kwa voltiji, sifuri hadi tano, na kwenye baadhi yake kila volti moja ni sawa na hatua mbili za uwiano. Ukifunga ardhi ya geji kwenye skrubu ya redio, na ardhi ya kompyuta iko kwenye injini, tofauti ya volti 0.2 kati yao ni kitu cha kawaida taa na feni zikiwaka. Sasa macho yako yanasoma 11.2, kompyuta inarekodi 11.6, na anayeseti programu kwa kutumia rekodi anaongeza mafuta usiyoyahitaji. Ardhi ya waidibendi ipelekwe palipo na ardhi ya kompyuta. Matoleo mapya yanayotuma namba kwa njia ya CAN, mtandao wa data wa gari, hayana shida hiyo, kwa kuwa namba husafiri ikiwa namba.

Na jifunze kusoma lamda, si uwiano peke yake. Geji haijui umejaza nini. Inapima lamda, kisha inazidisha kwa 14.7 ikupe namba uliyoizoea. Ukichanganya ethanoli kwenye tangi, uwiano halisi unabadilika, lakini geji itaendelea kuonyesha 14.7 kwenye lamda 1. Mwenye kusema "naenda lamda 0.79" anaeleweka Nairobi, Yokohama na kokote, kwa mafuta yoyote.

Sasa busti. Nimeiweka nyuma makusudi, ingawa ndiyo geji ambayo kila mmoja wetu huinunua kwanza. Ina raha yake, sikatai. Lakini kwetu ina somo ambalo vitabu vya wenzetu wa nchi za tambarare havilitaji.

Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari. Hewa yake ina presha ya kilopaskali 82 hivi, na Mombasa ni 101. Geji ya busti ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, na hewa uliyosimama nayo. Kijana aliyezoea gari lake Mombasa, ambako likisimama geji inaonyesha mvuto wa inchi 20 za zebaki, akifika Nairobi anaona 14 au 15, anadhani kuna mpira uliopasuka. Hakuna kilichopasuka. Ndani ya manifoldi presha ni ileile. Ni hewa ya nje iliyopungua.

Kwa busti yenyewe mambo ni mazito zaidi. Ukiwa Mombasa, busti ya bar 1 ni kilopaskali 201 ndani ya manifoldi, na turbo imeikandamiza hewa karibu mara mbili. Ukitaka 201 hizohizo ukiwa Nairobi, geji lazima isome karibu 1.2, na turbo inakandamiza mara 2.45. Inazunguka kwa kasi zaidi, inatoa hewa ya moto zaidi. Anayepandisha busti Nairobi "kurudisha nguvu zilizopotea" anaichosha turbo mahali ambapo geji bado inaonyesha namba ya kawaida. Nami namjua aliyesetiwa gari huku juu kisha akashuka nalo pwani kwa likizo ya Desemba, na kule chini geji ileile ya bar 1.2 ikawa na hewa nyingi kuliko zile ambazo programu iliwahi kuziona. Muulize anayekusetia kama ametazama presha halisi, ile inayoanzia kwenye utupu, na si ya geji tu.

Kuhusu sura za geji nitapita haraka. Milimita 52 hukaa kwenye nguzo ya kioo, 60 husomeka vizuri juu ya dashibodi, na za Defi za Japani zina mshale mtulivu na kumbukumbu ya kilele, ndiyo sababu zinaigwa sana. Kwenye nguzo hakikisha haikufichi mwendesha bodaboda kwenye kona. Kwa presha na joto napenda mshale, kwa sababu jicho linasoma mwelekeo wake bila kusoma namba. Kwa uwiano napenda namba. Kuliko yote napenda onyo. Ukienda kilomita 100 kwa saa unakata mita 28 kila sekunde, na kwenye barabara ya Mombasa yenye malori, sekunde ya kutazama geji ni sekunde ambayo hukuitazama barabara. Nunua inayoweza kuwasha taa kubwa au kupiga kelele kwa kiwango unachokiweka mwenyewe. Mimi ya oili imewekwa ilie presha ikiwa chini ya kilopaskali 200 injini ikivuka mizunguko 3,500.

Iliniokoa waidibendi mwaka jana, si oili. Nilikuwa napanda kutoka Salama, gia ya nne, busti kamili, na taa ikawaka. Nikaachia mguu kabla sijaelewa kwa nini. Rekodi niliyoifungua baadaye ilionyesha 11.4, 11.5, 11.9, 12.6, 13.1, na hapo mguu ukatoka. Muda wote huo ni chini ya sekunde mbili. Pampu ya mafuta ilikuwa inachoka, inaweza kulisha injini ikienda taratibu, haiwezi ikidaiwa. Nilienda nyumbani kwa gia ya tano, bila busti, nikabadilisha pampu Jumamosi. Plagi zilitoka nzima, mfinyazo wa silinda zote nne ulikuwa sawa.

Binamu yangu amejenga injini nyingine. Safari hii alikuja kwangu na boksi la geji mkononi halijafunguliwa, akaniambia, "Anza na waya wa ardhi, halafu tuongee." Tulipakwangua mahali pa kufungia waya pale kwenye bloku hadi chuma kikang'aa, tukapima kwa mita: sifuri nukta sifuri. Wiki mbili baadaye tulishuka naye pwani kumsalimia nyanya. Geji yake ya busti inasoma presha halisi na ilisawazishwa usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi Nairobi, ufunguo umefunguliwa na injini imezimwa, ilikuwa inaonyesha kilopaskali hasi 19. Tulipolala Voi ilikuwa hasi 7. Tukafika Likoni mchana, akazima injini mlangoni kwa nyanya, akafungua ufunguo tena bila kuwasha, akaniita nije nitazame. Ilikuwa 0.